Fadhila za Ruta Iliyokufa

Waandishi wa sifa wamewasifu wafalme, majahazi, farasi, minazi na hata karafuu, lakini sijamwona bado aliyeshika kalamu kuisifu ruta ya nyumbani iliyokufa katikati ya kubadilishiwa programu yake ya ndani. Na kwa kuwa kumnyamazia mwenye fadhila ni aina ya dhuluma, nimeona ni wajibu wangu kuuvunja ukimya huo, mimi mkazi wa Tabora, mji ambao kwa sababu nitakazozitaja una haki kuliko mji wowote wa nchi hii kukitukuza chombo kilichokwama njiani.

Nianze na wasifu wa mhusika. Ruta ni kisanduku chepesi cha plastiki, chenye antena mbili au tatu na safu ya taa ndogo, kikaacho juu ya kabati la sebuleni karibu na saa na picha ya harusi, ambacho katika siku za siha yake hakuna anayekijali wala kukipangusa vumbi. Siku moja mwenye nyumba huarifiwa kwamba imetoka programu mpya, iliyo bora na salama kuliko ile ya kale, naye kwa nia njema hubofya mahali pa kukubali. Kisanduku huanza kazi ya kujiandika upya, na kwenye kioo cha kompyuta husomeka onyo kwamba umeme usizimwe hadi kazi iishe. Na umeme, ambao haujapata kulisoma onyo lolote, hukatika. Ukirudi, ile safu ya taa zilizokuwa zikicheza usiku na mchana imebaki na taa moja tu inayopepesa polepole, na jina la mtandao wa nyumba limetoweka katika simu zote.

Wenye pupa husema basi kwamba chombo kilikuwa kibovu tangu dukani. Hawakijui. Programu ya ruta hukaa katika kumbukumbu ya flashi, na flashi haikubali kuandikwa juu ya maandishi ya kale: sharti pande zima lifutwe kwanza, ndipo lipokee jipya, na kwa sababu hiyo upo muda, wa dakika moja au mbili, ambamo ya zamani imekwisha kuondoka na mpya haijakaa kitako. Ruta za thamani huhifadhi nakala mbili za programu, ili moja ikiharibika nyingine ishike zamu. Lakini nyingi zinazouzwa kwa bei ya watu wa kawaida zimejaliwa megabaiti 4 au 8 tu, na humo nakala ya pili haina pa kulala. Hivyo ruta ya fukara, itakapo kuwa bora, hukubali kwanza kuwa si kitu. Nawajua waheshimiwa wengi wanaotaka kuwa bora, na sijamwona hata mmoja aliyekubali sharti hilo.

Tazama sasa nyumba iliyofikwa na msiba. Kijana aliyekuwa akila chakula chumbani kwake huku akitazama mpira wa Ulaya amejitokeza ukumbini, na imedhihirika kwamba ana ndevu. Binti aliyezoea kujibu salamu bila kuinua uso ameinua uso. Jirani aliyekuwa akija kila jioni kuniamkia, na kukaa saa nzima kwenye baraza upande ule ambako mawimbi hupenya dirishani, hajaonekana tangu habari zienee mtaani, na kwa njia hiyo nimepata kuujua uzito wa mapenzi yake bila kumuuliza swali la fedheha. Mwenye bando katika simu yake amekuwa tajiri wa ghafla, anaombwa, anabembelezwa, anatengewa paja la kuku. Na mdogo wa nyumba, ambaye hana simu wala bando, amekuwa sawa na mkubwa. Ni serikali gani iliyopata kuleta usawa wa namna hiyo kwa jioni moja, bila sheria wala askari?

"Babu, Wi-Fi imekufa?" aliniuliza mjukuu wangu.

"Imepumzika, mjukuu wangu."

"Itaamka lini?"

Swali hilo la lini, likiulizwa Tabora, si la kujibiwa kwa haraka, maana mji huu umejengwa juu yake. Wengine hujisifu kwamba miji yao ilikuzwa na bandari, au dhahabu, au mto. Wetu ulikuzwa na kuchelewa. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikaja kwa miezi mitatu kupitia Ugogo na kutozwa hongo kwa kila mtemi, ilipoingia Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, haikuweza kuendelea siku ya pili: wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamefika kwao na wakataka kuwaona wake zao na mashamba yao, mizigo ikataka kufungwa upya, wapagazi wapya wakatakiwa kutafutwa, mvua ikataka kukatika, vita vikataka kwisha. Katika kungoja huko tembe zikajengwa, miembe ikapandwa, masoko yakatandikwa, na njia zikagawanyika, moja kwenda Ujiji na moja kuelekea Karagwe na Buganda. Ungeondoa kungoja katika tarikhi ya Tabora, ingebaki miombo na asali.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857 wakakaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, wakakaa wiki kadhaa kabla ya kufuata njia ya Ujiji. Na waliporudi mwaka uliofuata wakakaa tena, na katika makazi hayo ya pili Burton alibaki kukusanya habari za nchi, ilhali mwenzake alishika njia ya kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake. Watu wa Mwanza walikuwa wakiliona kila asubuhi, hilo ni kweli, lakini kwa ajili ya hoja yangu yatosha kwamba Speke hangelifika kwao kama safari isingalikwama kwetu. Stanley naye alifika tarehe 23 Juni 1871 akiwa na haraka kama mtu yeyote aliyetumwa na gazeti, akamkuta mtemi Mirambo ameifunga njia ya Ujiji, na haraka yake yote ikakaa Kwihara, jirani na mji wetu, mpaka tarehe 20 Septemba.

Wala si watu tu waliongoja. Katika mizigo iliyokuwa imelala Kwihara mlikuwamo mfuko wa barua za Dakta Livingstone, ambaye Stanley alitumwa kumtafuta, uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870 huko Unguja, ambao ulikwisha kuchelewa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu kabla hata ya kuanza safari, nao ukamfikia mwenyewe Ujiji mwaka mzima baadaye, tena kwa sababu Stanley aliuchukua. Mjukuu wangu, ambaye hulalamika kwamba ujumbe wake umekaa na alama moja ya kijivu tangu asubuhi, nilimsimulia habari hiyo kwa kirefu. Alinisikiliza kwa adabu.

Lakini bwana wa wangojaji wote ni Livingstone mwenyewe. Stanley alipomwacha Kwihara tarehe 14 Machi 1872, aliahidi kumpelekea kutoka pwani wapagazi wa kuaminika. Na yule mzee akakaa katika tembe ile, ambayo leo ni makumbusho, akiandika, akihesabu siku, akikadiria mjumbe amefika wapi na meli imeng'oa nanga lini, pasipo simu wala telegramu, maana waya wa chini ya bahari ulikuja kufika Unguja mwaka 1879, naye amekwisha kufa miaka sita nyuma. Watu walifika mwezi Agosti, na tarehe 25 Agosti 1872 akaondoka. Miezi mitano alikuwa ametuma neno na hakuwa na hakika kama limepokewa. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa kuwa nitalirudia nitakapofika kwenye matibabu.

Na matibabu yalikuja. Nilimchukua marehemu katika mfuko wa rambo nikampeleka kwa kijana mmoja fundi wa simu na kompyuta, mwenye meza ndogo na miwani ya kukuzia, kati ya muuza asali na muuza mitumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu umeme ulimkatikia akiwa anabadilishiwa programu. Nimeambiwa ninunue nyingine."

Aliigeuza juu chini asome kibandiko, akaichomeka, akaitazama taa ile ikipepesa. "Waliokuambia wanauza ruta, mzee. Hii ingekuwa imekufa kabisa isingepepesa hivi. Kaa hapo, tuifleshi."

Hapo ndipo nilipojifunza siri ya chombo hiki, na tangu siku hiyo sikipiti bila kukiinamia kidogo. Ndani ya kumbukumbu ya ruta, mbali na programu kubwa ifanyayo kazi zote zinazoonekana, lipo pembe dogo ambalo kwa kawaida halifutwi wakati wa mabadiliko, na ndani yake hukaa programu ndogo mno ambayo mafundi huiita butiloda. Mimi humwita bawabu. Kila ruta iwashwapo, bawabu huamka kwanza, huwasha kumbukumbu, huigusa milango, huikagua programu kubwa kama imetimia, na ikiwa imetimia huiachia nyumba na kujiondoa bila kudai shukrani, kiasi kwamba mtu aweza kuishi na ruta miaka kumi asijue kwamba yupo. Programu kubwa ikifa, yeye hafi. Hajui intaneti ni nini, hajui nywila ya Wi-Fi, wala mawimbi hayajui. Ajualo ni kusema maneno machache kwa njia ya waya, kwa sekunde chache baada ya kuamka, kisha kuanza tena. Kule kupepesa kwa taa, ambako nyumba nzima tulikuwa tumekuchukulia kuwa ni mkoromo wa mauti, kulikuwa ni bawabu akibisha.

Kumjibu kunataka adabu maalumu. Mtu huchukua waya wa mtandao, kwa sababu hewani hakuna tena wa kuzungumza naye, akaunganisha kompyuta na ruta moja kwa moja. Huzima Wi-Fi ya kompyuta na ule ukuta wake wa ulinzi, ambao huwazuia wageni bila kubagua. Kisha huipa kompyuta kwa mkono anwani ile ile aitazamiayo bawabu, wala si ya jirani yake. Aina moja ya ruta huomba msaada kwa 192.168.0.66 na si kwingine kokote. Nyingine haiombi, bali hukaa kwenye 192.168.1.1 ikingoja iletewe. Anwani hizi hazina mwenyewe duniani: tangu Machi 1994 zimetengwa ziwe mali ya kila nyumba na zisitoke nje ya kizingiti, kiasi kwamba ruta ya Isevya na ruta ya Cheyo hapa Tabora, na ya Muscat pia, huweza kuwa na anwani moja bila kugombana. Kisha fundi hutia pini katika kitundu kidogo cha nyuma, akakibonyeza kitufe kilichomo, akawasha umeme huku kidole hakijaondoka, akahesabu. Wapo wanaofundisha kwamba kitufe kishikwe sekunde 30 umeme ukiwapo, 30 umeme ukiwa umetolewa, na 30 tena umeme ukirudishwa. Tiba hiyo iliwafaa wagonjwa wa zamani, na kwa ruta nyingi za leo inabaki kuwa uganga tu, ingawa kidole hupata mazoezi.

Taa ilipobadili mwendo, fundi alisema, "Kaanza kuvuta," nami nikainama nione msafara.

Nasema msafara kwa makusudi. Njia itumikayo kumlisha bawabu inaitwa TFTP, sheria yake iliandikwa mwaka 1981 ikasahihishwa 1992, nayo ni ya kimaskini kupita kiasi: haina nywila, haina orodha ya mafaili, haiwezi kueleza kilichomo ghalani, yajua kuomba faili kwa jina lake kamili, na jina likikosewa herufi moja hairudi na kitu. Mzigo wake mmoja ni baiti 512, kama vile mzigo wa mpagazi wetu ulivyokuwa frasila mbili. Lakini hakuna kirangozi aliyewahi kuongoza msafara namna hii: mpagazi wa kwanza hutoka peke yake, na wa pili haruhusiwi kuinua mzigo mpaka zirudi habari kwamba wa kwanza amefika salama; habari zisiporudi, mtumaji hamlaani mtu wala hafungi safari, humtuma tena yule yule na mzigo ule ule. Angefanya hivyo Stanley, angekuwa mpaka leo yuko Bagamoyo. Kwa faili la megabaiti 4 kamili huondoka mizigo 8,192, kila mmoja na jibu lake. Na kwa kuwa mwisho wa safari hujulikana kwa mzigo uliopungua, faili likigawanyika sawasawa bila kubaki chembe, hutumwa nyuma yao mpagazi wa 8,193, mikono mitupu, ambaye kazi yake yote ni kufika na kuonekana kwamba hakubeba kitu.

Mizigo hiyo yote, kwa waya wa nusu mita, ilipita kwa muda ambao muuza asali hakumaliza kujaza chupa. Lakini utaratibu wake ni ule ule ambao Livingstone aliukosa: hakuna neno linalotumwa bila kurudi ithibati ya kupokewa. Nuru ya mkongo hutembea katika kioo kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka pwani, ambako waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, mpaka Tabora ni kilomita mia nane na zaidi. Basi njia iliyomgharimu Stanley miezi mitatu nuru huimaliza kwa kama sehemu nne za elfu za sekunde moja. Kasi hiyo ndiyo watu wanaisifu. Mimi naisifu ile risiti.

Baada ya mizigo kuingia, fundi alinikataza nisiguse waya wowote. "Sasa anaandika, mzee. Hapa ndipo ilipofia mwanzo." Alikuwa ameichomeka tangu mwanzo katika betri yake ya akiba, kwa kuwa yeye, tofauti na wengi, haujengi uaminifu wake juu ya umeme wa ukutani. Tulikaa kimya. Muuza mitumba alikuja kutazama, akauliza ni nani aliyefariki.

Elimu hii haikushuka kutoka kwa watengenezaji, ambao aghalabu hupendelea ununue mpya. Desemba 2002 Linksys walitoa ruta iitwayo WRT54G. Wadadisi wakagundua kwamba ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake humlazimisha anayeisambaza kuutoa na msimbo. Mwaka 2003 msimbo ukatolewa, na mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo huwapa watu programu huru ya kutia katika ruta zao. Watu walipoanza kuandika wenyewe ndani ya visanduku hivyo, waliua vingi mno, na katika kuua wakajifunza kufufua. Kila njia aliyoitumia kijana yule juu ya meza yake ilipatikana juu ya ruta ya mtu fulani iliyozimika usiku. Ruta zilizo hai hazikutufundisha lolote.

Yapo mauti makubwa zaidi, ambamo bawabu naye amefutwa na taa haipepesi. Hapo kisanduku hufunguliwa skrubu, zikatafutwa nukta tatu juu ya ubao wa ndani, moja ya kusema, moja ya kusikia na moja ya ardhi, zikaunganishwa kwa nyaya tatu na kompyuta kwa umeme dhaifu wa volti 3.3, na hata huko kukiwa kimya, flashi hung'olewa na kuandikwa nje ya mwili. Fundi alinieleza hayo kama daktari aelezavyo maradhi ambayo mgonjwa wake hana. Nayasifu kwa mbali.

Ruta yangu iliwaka taa zote, ikatangaza jina ililopewa na kiwanda, kwa kuwa lile tuliloipa sisi ilikuwa imelisahau pamoja na nywila yake, na hilo nalo nalihesabu katika fadhila, maana jirani yangu hakuwa na namna ila kuja upya kuomba. Alikuja jioni ile ile. Mjukuu alinipongeza na kurudi chumbani, binti akainamisha uso, na ndevu za kijana sijaziona tena.

Wewe msomaji ambaye ruta yako ingali hai na hivyo haina sifa yoyote ya kutajwa, igeuze leo usome toleo lake kwenye kibandiko cha chini, upakue faili la toleo hilo hilo na kulihifadhi katika kompyuta kabla hujalihitaji, na ununue waya wa mtandao hata wa mita moja uuweke nyumbani. Na siku taa itakapobaki moja ikipepesa, usiitupe: ipeleke kwa fundi.